Kiti Kibovu Kuliko Vyote

Kriii.

Sauti ilitoka pembeni mwa kitanda kabla hakujapambazuka, ndogo, kama ya mzee anayejigeuza taratibu asiwaamshe wenzake. Felisia akafumbua macho. Chumba kilikuwa chake peke yake, komeo liko mlangoni, na hapakuwa na mtu wa kukalia kitu chochote. Kriii, ikarudia. Ndipo akakumbuka. Akavuta shuka usoni, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kilikuwa kiti, na kiti chenyewe kilikuwa cha wizi.

Tusiite polisi. Felisia alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na kiti alikichukua kwa Aloyce, Mngoni wa Songea. Hapo zamani mababu wa watu hawa walipigana vita, wakachoka, wakaona badala ya mikuki ni heri warushiane maneno. Tangu hapo wakawa watani. Mnyamwezi anaingia kwa Mngoni, anabeba jogoo, anaondoka naye, na mwenye jogoo haruhusiwi hata kununa. Anachoruhusiwa ni kutukana kidogo na kukomboa mali yake kwa chakula. Utani huo haukuachwa uwanja wa ndege. Ulipanda ndege pamoja nao, ukafika Guangzhou, China, ukapanga nyumba mtaa wa Xiaobei.

"Wanyamwezi mliumbwa kubeba," Aloyce alikuwa akimwambia kila alipomwona na mifuko ya nguo za watoto kutoka soko la Zhanqian. "Babu yako alibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Wewe unabeba magauni mpaka Tabora. Hakuna kilichobadilika, mbebaji wangu."

"Na ninyi mlitoka kusini mnakimbia," Felisia alimjibu. "Mpaka leo hamjageuka kuangalia kama aliyekuwa anawafukuza bado yupo."

Lakini mwaka ule wa kwanza, Felisia alipolazwa na homa hajui hata neno la Kichina la kuomba maji, ni Aloyce huyohuyo aliyekuja kila asubuhi na chupa ya uji wa ulezi. Alimnywesha kwa kijiko huku akimsimanga. "Kunywa, mbebaji. Ukifa huku, nani atakubeba? Mimi mgongo wangu mbovu." Felisia alikunywa na kucheka na kulia kwa pamoja. Uji ule hakuusahau.

Sasa, huyu Aloyce alikuwa na ugonjwa wake. Mchana alinunua simu na chaja za kupeleka nyumbani kama wafanyabiashara wenzake wa mtaa wa Dengfeng. Lakini kila kilichobaki mkononi kiliishia kwenye viti, na si viti vya watu wote. Alitaka viti vya Uholanzi tu, vya miaka ya hamsini na sitini. Cha kwanza alikiokota kwa muuza vyuma chakavu akitafuta cha kukalia kibandani. Akakigeuza, akaona muhuri mdogo chini, akauliza watu, akasoma, na tangu siku hiyo hakuonekana tena kuwa mtu mwenye akili zake zote.

"Waholanzi walitoka vitani hawana kitu, Mama Joyness," alimweleza Felisia siku moja, macho yanang'aa. "Wakasema, kiti kiwe kiti. Maua ya nini? Miguu ya simba ya nini? Bati likunjwe vizuri, mbao ipindwe vizuri, basi."

"Kwa hiyo ni viti vya maskini."

"Vilikuwa vya maskini. Sasa vinatafutwa na matajiri."

"Na Mngoni mmoja."

"Na Mngoni mmoja," Aloyce alikubali, bila aibu.

Jumapili, baada ya misa, Felisia alipita kumsalimia. Aloyce alimpokea kwa furaha. "Karibu, mama, karibu kiti!" akasema, kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akamwonyesha balo la suruali za jinzi lililokuwa sakafuni. Felisia alisimama akitazama. Ukutani vilipangwa viti, kimoja baada ya kingine, migongo imenyooka kama wanakwaya. Vyote vilikuwa vitupu.

"Nikae wapi?"

"Hapo kwenye balo. Laini kuliko sofa."

"Na hivi je?"

"Hivi havikaliwi, mama." Akasema kwa upole, kama anamweleza mtoto kuhusu moto. "Ngoja nishuke nikuletee soda. Ile unayoipenda, ya machungwa."

Akashuka ngazi mbio. Felisia akakaa juu ya balo, magoti yamemfika kidevuni, mwanamke mwenye wajukuu. Akawaza, huyu ananitafuta. Mtu ana viti vya kutosha mkutano wa kijiji na mgeni wake anamketisha kwenye mzigo! Utani ulikuwa umemwita kwa jina.

Hata hivyo aliiba kwa huruma. Mtani anatania, havunji mtu moyo. Alivipitia viti kimoja kimoja akitafuta ambacho Aloyce asingeumia sana kukikosa. Vile vya bati vilikuwa vimesuguliwa vikang'aa, hapana. Vya mbao vilinukia nta, hapana. Mwishoni kabisa, karibu na dirisha, kilikuwepo kimoja cha henzerani, zile fito nyembamba za kusuka. Kilikuwa kama kapu pana lililopachikwa juu ya miguu ya chuma cheusi, myembamba kama ya korongo. Rangi ilikuwa imepauka, kitako kimebonyea, nyuzi mbili tatu zimechomoka kwenye ukingo. Viti kama hivyo aliviona utotoni, vikilaliwa na paka.

"Wewe ndiwe kibovu kuliko wote," akakiambia. "Twende."

Akakipandisha kichwani, akashuka kwa ngazi za nyuma, na Aloyce aliporudi na soda ya machungwa alikuta balo limebonyea, hakuna mgeni.

Jioni ile Felisia alizima simu. Ndivyo inavyofanywa, mtani aliyechukuliwa kitu huachwa achemke kwanza. Aloyce alikuja mwenyewe, akagonga mlango. "Mama Joyness, nakuomba, fungua." Felisia, ndani, alijiziba mdomo kwa mto. Jinsi anavyojua kuigiza, akawaza. Sauti imetetemeka kabisa!

Asubuhi, baada ya kile kiti kumwamsha, alikibeba mpaka jengo la Tianxiu kwa Abednego, kijana wa kwao Tabora mwenye ofisi ya kusafirisha mizigo. "Nifichie hiki," akamwambia. "Asikione mtu, hasa Mngoni."

Abednego alicheka, akakipokea kwa mikono miwili. "Hata wewe mwenyewe hutakiona, mama."

Hapo Felisia akaelekea Zhanqian kununua magauni. Kule, katikati ya mikokoteni na watu wanaosukumana, aliwasha simu, akarekodi masharti, akamtumia Aloyce. Ubwabwa na kuku. Watani wote walioko Xiaobei waalikwe. Na yeye, Felisia, aketishwe kwenye kiti cha bati kinachong'aa kuliko vyote, Aloyce amnawishe mikono amepiga magoti.

Simu ikaita kabla hajairudisha mfukoni.

"Mama Joyness." Aloyce hakumwita mbebaji, wala hakutukana. "Kile kiti si changu."

Felisia akasimama. Mkokoteni ukampita karibu na visigino, mwenye mkokoteni akimfokea.

"Ni cha nani?"

"Cha Mzee Liang."

Mzee Liang alikuwa akisikika tu kwenye mazungumzo ya Aloyce. Alikuwa mwalimu wa uchoraji katika kiwanda cha samani, sasa amestaafu, naye mgonjwa wa viti vilevile. Aloyce alimfahamu kwenye soko la vitu vya kale. Kwa miaka walisalimiana kwa kichwa tu. Baadaye wakaanza kuongea wamesimama. Baadaye wakanywa chai, lakini mkahawani. Ni mwaka huu tu mzee alipomfungulia mlango wa nyumba yake, na Aloyce, aliyekaa mji huu muda mrefu bila kuvuka kizingiti cha mwenyeji hata mmoja, alirudi siku hiyo akitembea kama mtu aliyepata ubatizo.

"Hajawahi kumwazima mtu kitu," Aloyce akaendelea. "Hiki ndicho kiti adimu kuliko vyote tulivyo navyo, vyangu na vyake. Alinipa nikiangalie kwa wiki moja tu. Anakuja kukichukua leo kabla ya chakula cha mchana. Asipokikuta, mama, ule mlango hautafunguliwa tena. Wala sitamlaumu."

"Kiko Tianxiu, kwa Abednego," Felisia akasema, wala hakuaga. Aliacha magauni juu ya meza ya laoban, mwenye duka, akakimbia kutafuta teksi. Njia nzima aliona chupa ya uji.

Alimkuta Aloyce chini ya Tianxiu, shati amelifunga vifungo vibaya. Wakapanda kwa Abednego, naye akawapokea kwa tabasamu la mtu aliyefanya kazi yake vizuri.

"Kiti kiko wapi?" Felisia akauliza.

"Kimefichwa."

"Wapi, mwanangu?"

"Ulisema asikione mtu. Nikakijaza nguo za watoto ndani na nje ili kisiumie, nikakizungushia magunia na utepe, kikawa mraba kama balo jingine lolote." Akaona nyuso zao. "Vijana wamekishusha na mengine. Gari la ghalani linapakia."

Walishuka wote watatu. Gari lilikuwa mlango wazi, limejaa zaidi ya nusu, mabalo yamepangwa mpaka juu, yote na magunia yaleyale, utepe uleule wa njano, neno DAR kwa wino uleule mweusi. Dereva alikuwa akifunga kamba. Abednego akamwomba asubiri. Dereva akatikisa kichwa, "Meiyou, meiyou," hakuna muda. Aloyce akasimama mbele ya gari, mikono amenyoosha. Dereva alimtazama, akazima injini, akatoa sigara. Mungu ambariki dereva yule, hakuuliza swali.

"Lipi?" Aloyce akauliza.

"Mimi nafunga vizuri," Abednego akasema kwa huzuni. "Hayatofautiani."

Felisia alikuwa tayari amepanda. Aliliegemea balo la kwanza kwa uzito wake wote, akasikiliza. Kimya. La pili, kimya. Aloyce na Abednego wakapanda wakaanza kuegemea na wao, watu wazima watatu wakikumbatia mabalo moja moja na kutega masikio, wapita njia wakisimama kuwapiga picha.

"Bonyeza kwa adabu!" Aloyce akamkemea Abednego. "Unafikiri unaua nyoka?"

Na kule ndani, kwenye kona, Felisia aliegemea balo moja dogo, na balo likalalamika. Kriii.

"Huyu hapa mtoto!" akapiga kelele.

Walikifungua kwenye kibaraza. Vigauni, soksi, vikofia, vyote vikatoka, na katikati yake kiti, hakijakatika uzi. Aloyce alikipapasa kila mguu. Kisha akamshika Abednego bega. "Umekifunga kama mama anavyofunga mwanawe," akasema, na kijana akainama kwa haya.

"Tumwambie nini mzee?" Aloyce akaanza kuwaza kwa sauti walipokuwa wakivuka barabara, kiti kichwani kwa Felisia, kwa kuwa teksi zote zilikataa miguu ile ya korongo. "Tumwambie nilikitoa kikapigwe na jua."

"Jua lipi?" Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi.

"Basi hewa."

"Wewe Mngoni, usimdanganye mzee wa watu."

"Mama, huyu hajui utani. Kwao mtu akichukua kitu bila kuomba ana jina moja tu."

Hakumaliza. Mbele yao Dengfeng, kati ya vibanda vya simu na wabadilisha fedha, alikuwa amesimama mzee mwembamba mwenye mwavuli wa bluu. Alikuwa anatazama kiti chake kikimjia kwa mwendo wa madaha juu ya kichwa cha mama mmoja wa Kiafrika, na Aloyce nyuma yake, shati limepinda.

Felisia alikishusha chini, akakisimamisha vizuri, akapiga goti kidogo kama anavyomwamkia mkubwa kwao. Kichina chake kilikuwa cha sokoni, cha kupunguziwa bei na kukataa mifuko mibovu. Hakikutosha kuomba radhi. "Tafsiri," akamwambia Aloyce. "Yote. Ukiacha neno nitajua."

Akaeleza. Alieleza vita vya mababu, jogoo, balo la jinzi, soda ya machungwa. Akasema Aloyce hana kosa, alimgongea mlango akimsihi na yeye ndiye aliyejiziba mdomo kwa mto. Aloyce akatafsiri kwa sauti ndogo. Mzee akamtazama.

"Yeye amesema maneno mengi," akasema mzee. "Wewe umesema machache."

Aloyce akatafsiri tena, safari hii na mto ukiwemo.

Mzee Liang akakitazama kiti. Manyunyu yalimwangukia, mwavuli alikuwa ameusogeza juu ya kiti. Hatimaye akamwuliza Aloyce, "Alipokichukua, ulikasirika?"

"Siruhusiwi."

"Huruhusiwi?"

"Ni mtani wangu. Hata leo siruhusiwi."

Mzee alionekana kulirudia jambo hilo kichwani, kama mtu aliyeonyeshwa kiungo cha mbao asichowahi kukiona. Kisha akamgeukia Felisia. "Viti vilikuwa vingi. Kwa nini hiki?"

Aloyce alipotafsiri alifumba macho, maana alijua jibu halitakuwa zuri.

"Mwambie nilichagua kibovu kuliko vyote," Felisia akasema. "Nilimwonea huruma huyu. Nilidhani hiki hakina mwenyewe."

Aloyce akatafsiri. Uso wa mzee ukakunjamana. Mabega yakaanza kutikisika, na Felisia akawaza, Mungu wangu, nimemliza. Lakini mzee alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika ukingo wa kiti, akazunguka, akakikalia hapohapo barabarani, na kiti kikalia kwa nguvu. Aloyce akajishika moyo.

"Mke wangu," mzee akasema alipoweza kusema. Kiti kilikuja kiwandani kama mfano wa kuigwa. Walipomaliza kukiiga wakakiacha kwenye mvua, yeye akakipeleka nyumbani kwa baiskeli. "Mke wangu alikitupa kwenye taka. Nikakirudisha. Akakitupa tena. Alisema maneno hayohayo, kwamba nyumba nzima imejaa vibovu na mimi nimeleta mfalme wao." Akafuta macho. "Tangu afe, hakuna aliyekitukana. Wote wanakuja wanakisifu."

Felisia hakungoja tafsiri yote. "Mwambie pole," akasema. "Na mwambie mke wake alikuwa na macho."

Mzee akainuka. Akatoa hukumu yake, na Aloyce akaitafsiri kwa furaha isiyofichika. Kwa kuwa mama huyu ndiye aliyekiondoa, atakibeba mwenyewe mpaka kwa mzee, ghorofa ya saba, na lifti hakuna.

"Nilikwambia mliumbwa kubeba," Aloyce akasema.

"Nyamaza, shika mwavuli."

Akabeba. Kila ghorofa mzee aliwasimamisha, akidai yeye ndiye aliyechoka, ingawa alikuwa akipumua vizuri na Felisia ndiye aliyekuwa akihema. Mlangoni mzee akatoa ufunguo, akafungua, na akampisha Aloyce aingie kwanza, kama kila siku. Aloyce aliinama chini haraka kuvua viatu, lakini Felisia aliona tabasamu lake.

Ndani palikuwa na viti hadi kwenye korido. Mzee akapita katikati yao, akaenda jikoni, akarudi na vigoda vitatu vya plastiki vyekundu, akavipanga kwa heshima.

Felisia akavitazama vigoda. Akavitazama viti. "Hata huyu?" akamwuliza Aloyce. "Kumbe ugonjwa huu unaambukiza!"

"Anauliza nini?" mzee akataka kujua.

Aloyce, safari hii, hakupunguza neno. Mzee akashika shavu, akatafakari, kisha akakivuta kile kiti cha henzerani mpaka kwenye meza ya chai, akakigongagonga kitako, akamwashiria Felisia akae. Felisia akakaa. Kilimpokea vizuri, mgongo na kiuno, kama kinamjua, na akakiri moyoni kwamba Waholanzi wale hawakuwa wajinga. Hadharani akasema, "Si haba." Wawili wale, kila mmoja kwenye kigoda chake, walimtazama kama wakunga.

Wakanywa chai. Mzee akauliza Wanyamwezi wana watani gani wengine, na kama Wakantoni, watu wa kwao, wamo. Felisia akasema hapana, hawajawahi kupigana.

"Ni bahati mbaya," mzee akasema.

Walipoinuka kuaga, Felisia alikuta mlangoni kiatu kimoja tu. Akatazama chini ya rafu, akatazama nyuma ya mlango. Aloyce akaapa kwamba hakugusa. Mzee Liang alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, uso mtakatifu, na kisigino cha kiatu kikichungulia ubavuni mwake.

"Baba," Felisia akasema. "Kiatu changu."

Mzee akampa Aloyce maneno, Aloyce akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Anasema kitakombolewa. Leo utarudi na kandambili zake."

"Kwa kitu gani? Kuku? Ubwabwa?"

Mzee akatikisa kichwa. Akajaribu kusema mwenyewe, kwa Kiswahili alichokisikia kwa Aloyce, kipande kipande, kiatu bado kiko mgongoni:

"Mama, Jumapili. Njoo tena. Njoo, kaa."